Waachieni Watoto Makasi

Jumapili saa moja jioni, pita kwa saiba yoyote ya mtaani hapa Naivasha. Utapata foleni ya kina mama, na baba mmoja au wawili wanaojifanya wamekuja kuprinti kitu kingine. Sikiliza wanachoitisha. "Nitolee kipepeo wa rangi." "Mimi nataka nyuki, ajae karatasi yote." "Uko na wadudu watano pamoja? Ticha amesema watano." Mwenye saiba anatafuta picha kwa intaneti, anaprinti, anakukatia na makasi yake, na ukiwa na haraka anakubandikia kabisa kwa manila. Unalipa, unaenda. Mtoto mwenye hiyo kazi amelala kitambo.

Jumatatu kipepeo anafika shule. Anabandikwa ukutani, anapigwa picha, anatumwa kwa grupu ya wazazi ya WhatsApp, watu wanaweka mioyo. Sasa muulize mwenye kipepeo: huyu mdudu ana miguu mingapi? Atakuangalia tu.

Najua hii itakasirisha watu, lakini wacha niseme. Mdudu wa karatasi aliyetengenezwa na mtu mzima hana kazi. Afadhali mtoto apeleke shule kitu kimepinda, gundi imemwagika, bawa moja kubwa kuliko lingine, bora amekikata mwenyewe baada ya kumwangalia mdudu wa kweli na macho yake. Hicho kibaya kina masomo ndani. Kile kizuri cha saiba ni risiti tu.

Sisemi haya nikiwa nimekaa pembeni. Mnaonifuata mnajua Jumamosi nyingi huwa niko na madogo wa hapa Kihoto, saa zingine kumi, saa zingine kumi na tano, tumekalia makreti na ndoo tukikata makaratasi. Hakuna anayenilipa na hakuna shirika nyuma yangu. Ilianza kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na madogo walikuwa wanatupiana mawe. Nimeendelea kwa sababu nimeona kitu ambacho sikutarajia: mtoto akipewa makasi na mdudu, anauliza maswali ambayo hata mimi inabidi niende kutafuta.

Kwanza niwatetee wazazi, kabla mniandame. Huu ni mji wa maua. Mathe wa jirani anatoka nyumbani kukiwa bado na giza kwenda kampuni, anasimama siku nzima, anarudi jioni, anapika, anaosha. Zile wiki za kabla ya Valentine ndizo usiseme. Halafu saa mbili usiku mtoto anatoa daftari: "Mum, ticha amesema tulete wadudu." Wewe ungefanya nini? Ungetafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ni saiba. CBC ilipoanza nchi nzima mwaka 2019, wazo lilikuwa mtoto ajifunze kwa kufanya. Siku hizi wameibadilisha jina wanaiita CBE, lakini wazo ni lile lile. Mahali fulani kati ya darasa na nyumbani wazo liligeuka, anayefanya akawa mzazi na anayejifunza akawa hakuna. Kuna watu wazima mtaani kwetu wanajua kubandika manila kuliko fundi wa dari.

Wazazi wanalipa pesa, lakini watoto ndio wanapoteza zaidi. Mtoto wa miaka saba ambaye kazi yake inafanywa na mtu mwingine kila wiki anajifunza somo moja vizuri sana: kazi nzuri hununuliwa, na ya kwangu haitoshi. Akifika sekondari tunashangaa kwa nini anatafuta mtu wa kumwandikia insha.

Sasa, vile sisi hufanya. Nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu huwa mnaniuliza vifaa natoa wapi.

Karatasi ya kwanza ni pakiti ya unga. Ile ya kilo mbili. Ikiisha usitupe, ikung'ute, fungua mahali ilipobandikwa, utapata karatasi kubwa, ngumu, na ndani haina maandishi. Inakunjika vizuri na haipasuki ovyo kama ya daftari. Ya pili ni katoni ya dukani, hiyo ya kifua na tumbo. Ya tatu ni trei ya mayai, ukikata kikombe kimoja umepata mgongo wa mbawakawa tayari. Miguu tunatoa kwa njiti za kifagio au nyasi kavu. Gundi tunapika: vijiko viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha maji, koroga motoni mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Ikipoa inashika karatasi vizuri tu, na dogo akiilamba hafi. Rangi ni majani yaliyosagwa, makaa, na vipande vya magazeti na karatasi za matangazo. Manila tunanunua mara moja moja, tukipata mtu wa kutuchangia.

Sheria ni tatu. Ya kwanza: hakuna kushika makasi kabla ya dakika tano za kuangalia. Tunatoka nje, tunachuchumaa. Ukutani, kwa sukuma wiki ya shosho, chini ya jiwe, karibu na taa kukiwa jioni. Ya pili: unahesabu kabla ya kukata. Ya tatu ni yangu na ya wakubwa wengine wanaokuja: mikono mfukoni. Unaweza kuuliza swali, unaweza kushika karatasi isiteleze, lakini huruhusiwi kumkatia mtu. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Mtu mzima akiona mtoto anahangaika na kona ya bawa, mikono inawasha. Vumilia.

Mnajua kinachotokea kwa hizo dakika tano? Vita. Vita vizuri. Dogo mmoja anasema siafu ana miguu minne, mwenzake anasema sita, wanalala chini wote wawili pua karibu na udongo, wanahesabu kwa sauti. Sita. Halafu mwingine anagundua kitu ambacho picha nyingi za saiba hukosea: hiyo miguu sita yote inatoka kifuani. Si tumboni. Mdudu ana sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo, na kifua ndicho kinabeba miguu na mabawa. Angalia tena yule kipepeo wa ukutani. Mara nyingi ni kijiti cha katikati na mabawa mawili makubwa, miguu hakuna. Kipepeo wa kweli ana mabawa manne na miguu sita, na hiyo miguu anaitumia pia kuonja. Anakanyaga jani ndio ajue ladha yake. Waambie watoto hilo uone vile watavua viatu.

Buibui akija tunagawanyika. "Si mdudu, ana miguu minane!" "Ni mdudu, si anatambaa?" Kwa lugha yetu ya kila siku chochote kidogo kinachotambaa ni dudu, hapo wako sawa. Kwa sayansi, buibui ana ukoo wake na wadudu wa miguu sita wana wao. Mimi huwaacha wabishane mpaka wachoke, halafu wanatengeneza wote wawili na kuwaweka kando kando. Mtoto wa miaka minane ameshaelewa maana ya kuainisha vitu na hajasikia hilo neno.

Nzi na mbu wana mabawa mawili, si manne. Nyuki ana macho matano, mawili makubwa pembeni na matatu madogo juu ya kichwa. Panzi wengi wana masikio tumboni, chini ya mabawa. Na siafu, wale wanaopita kwa mstari mrefu na kung'ata, wafanyakazi wao hawana macho kabisa. Kuna binti alikuwa amewekea siafu wake macho makubwa mazuri ya karatasi nyeupe. Aliposikia hivyo alikaa kimya, akaangalia kazi yake, akayang'oa moja moja. Halafu akauliza: "Sasa wanajuaje njia?" Nilimwambia wanafuata harufu ambayo wenzao wameiacha njiani. Akachukua njiti ya makaa, akachora mstari kwa katoni kutoka kwa siafu wa kwanza mpaka wa mwisho. "Hii ndio harufu." Manze, hiyo kazi singebadilisha na kipepeo yeyote wa saiba.

Tena kuna faida ya usalama. Mnamjua yule mdudu mdogo wa rangi ya machungwa na nyeusi anayeitwa Nairobi fly. Kwanza si nzi, ni mbawakawa. Pili haumi wala hadungi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na wewe ndiye unajichoma unapompondea kwa ngozi. Mtoto aliyemtengeneza kwa karatasi, akampaka hizo rangi mistari mistari, anamtambua haraka na anajua ni kumpuliza atoke, si kumpiga kofi. Mabango mangapi yangefanya kazi hiyo?

Sasa nije kwa hoja kubwa, kwa sababu najua nani anasoma hii. Mtu atasema: "Wewe kijana, Kihoto maji yameingia kwa nyumba za watu, wewe unatuletea mambo ya vipepeo?"

Ni swali halali na silikwepi. Ziwa lilitupanda mwaka 2020, likarudi vibaya zaidi mwaka 2025. Maelfu ya watu walihama. Tuliona nyumba zimezama mpaka madirishani, watu wakitoa magodoro kwa mashua, vyoo vimefurika, viboko wakitembea mahali watoto walikuwa wanachezea kati. Familia zingine zilienda kwa jamaa, zingine zikapanga chumba kimoja watu saba juu ya mlima. Karatasi haitarudisha ziwa nyuma hata nchi moja. Wanaohitaji makao wanahitaji makao, na mtu asitumie posti yangu kusema watoto wako sawa kwa sababu wanacheza na makasi. Jina Kihoto lenyewe kwa Kikuyu ni haki, ni hoja inayosimama. Hiyo haki bado tunaidai.

Lakini fikiria mtoto. Amehamishwa, vitabu vimelowa, marafiki wametawanyika. Watu wazima wanaongea juu yake siku nzima: kodi, maji, tutahamia wapi. Hana chochote anachoamua yeye. Ukimpa pakiti ya unga na makasi, kwa nusu saa kuna kitu kimoja duniani ambacho yeye ndiye ameamua kitakaaje. Siiti hiyo matibabu, mimi si daktari. Naita heshima.

Tena kwa mtaa ulio na maji, kumjua mdudu si anasa. Chukua mbu. Wiki kadhaa baada ya maji kuingia tuliamua hatutengenezi kipepeo tena, tunatengeneza adui. Tukakata katoni nne. Ya kwanza mayai, vidoti vya karatasi juu ya maji ya bluu. Ya pili viluwiluwi, karatasi iliyosokotwa ikining'inia kichwa chini, kwa sababu wengi wao hupumua hivyo, mkia juu. Ya tatu bundo, umbo la koma. Ya nne mbu mwenyewe, miguu sita mirefu ya nyasi, mabawa mawili. Watoto wakajifunza kwamba anayeuma ni jike, anatafuta damu kwa ajili ya mayai, na kwamba kukiwa na joto safari yote kutoka yai mpaka mbu inaweza kuchukua wiki moja au mbili tu. Dogo mmoja akapiga hesabu mwenyewe: "Kumbe ukimwaga maji kila Jumamosi hawafiki hapa," akagusa katoni ya nne.

Sikuwaambia kitu kingine. Waliinuka wakazunguka ploti wakipindua mikebe, matairi, ndoo zilizopasuka. Ziwa hawawezi kulipindua, kweli. Lakini kopo lililo nyuma ya choo wanaliweza, na wamekuwa wakiliangalia.

Na hapa kwetu mbu ana historia yake. Mnaijua homa ya Bonde la Ufa, ile inayoua mifugo na inaweza kuingia kwa binadamu? Ilitambuliwa mwaka 1931, watafiti wakichunguza vifo vya kondoo kwenye shamba hapa hapa Bonde la Ufa. Ndio maana ina jina letu. Huenezwa na mbu, na milipuko yake hufuata mvua kubwa na mafuriko. Mtoto wa Naivasha asijue mzunguko wa mbu? Ni kama mtoto wa Mombasa asijue kupwa na kujaa.

Kitu kingine, na hiki ndicho kilibadilisha vile naona wazazi. Jumamosi moja mama fulani alikuja kuchukua mtoto wake. Alikuwa ametoka kazi, bado na buti. Mtoto alikuwa anatengeneza mdudu mwekundu, ameambiwa ni mdudu anayeharibu maua. Mathe akamwangalia, akasema polepole: "Huyo umemwekea miguu sita. Ana minane." Sote tukageuka. Kumbe kampuni yeye ni skauti, kazi yake ni kupita mistari ya waridi na kioo cha kukuzia akitafuta wadudu kabla hawajasambaa. Akachuchumaa akaanza kueleza. Huyo ni utitiri, ni jamaa ya buibui. Yule mbaya anakaa chini ya jani na kufuma utando mwembamba. Lakini kuna utitiri mwingine, mzuri, wa rangi ya machungwa, ana haraka, huyo anamwagwa juu ya maua makusudi ili amle yule mbaya. Watoto walifungua midomo. Mimi pia.

Na si hadithi ya mtaani. Hapa Naivasha kuna kampuni ambayo kazi yake ni kufuga viumbe kama hao na kuwauzia wakulima, dawa za kupulizia zipungue. Yaani kuna watu wanaamka asubuhi kwenda kulisha utitiri, na wanalipwa. Yule mama anajua mambo ambayo hayako kwa picha ya saiba, na mtoto wake alikuwa hajui mamake anayajua.

Kwa hivyo ninaposema mzazi aweke mikono mfukoni, simaanishi aondoke. Namaanisha abadilishe kazi. Asikate. Asimulie. Shosho anajua kumbikumbi hutoka lini baada ya mvua na kwa nini mabawa yao yanabaki chini ya taa asubuhi. Mzae aliyekulia shambani anajua mdudu anayetoboa bua la mahindi. Jirani kutoka magharibi anajua wadudu wa kula, na atakuambia utamu wao mpaka utamani. Hiyo haitaki pesa na haitaki saa tatu za usiku. Inataka dakika kumi ukiosha vyombo. "Mum, huyu anakula nini?" Jibu unalo, au mnatafuta pamoja.

Mtu atauliza, sasa wadudu wana faida gani, mtoto si asome vitu vya maana? Sawa. Mwaka 1970 Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo, alianzisha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, Nairobi. Makao yake kule Kasarani yanaitwa Duduville. Ndiyo, Duduville. Wanasayansi kutoka kila pembe wanafanya kazi mahali panapoitwa mji wa dudu. Kule pwani, karibu na magofu ya Gede, kuna mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993: familia zinazoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke zinafuga vipepeo na kuuza bundo zao kwa maonyesho ya ng'ambo. Msitu ukikatwa, vipepeo wanaisha, pesa inaisha, kwa hivyo watu wana sababu ya kuulinda. Huyo kipepeo analipa karo.

Na kama unadhani kukunja karatasi ni mchezo wa chekechea, tafuta jina la Robert J. Lang. Ni mwanafizikia Mmarekani, aliwahi kufanya kazi kwenye maabara ya NASA, na mwaka 2001 akaacha ajira kabisa ili akunje karatasi. Wadudu ndio walimpa sifa. Karatasi moja ya mraba, bila kukata, bila gundi, inatoka mbawakawa mwenye miguu yote sita na pembe. Unajua ugumu uko wapi? Kwa miguu. Kutoa vitu sita vyembamba kutoka kwa mraba mmoja ni hesabu ngumu, mpaka akaandika programu ya kompyuta ya kumsaidia. Baadaye maarifa hayo ya kukunja yakaombwa na watu wa darubini za angani, maana kioo kikubwa lazima kikunjwe ndio kiingie kwa roketi. Yaani swali la dogo wa Kihoto, "hii miguu sita nitatoa wapi kwa hii karatasi?", ni swali la watu wazima wenye digrii.

Walimu, nyinyi pia nina ombi kwenu, kwa heshima. Najua mna watoto wengi darasani na fomu za kujaza. Sitaki kuwaongezea kazi. Ombi ni swali moja tu. Mtoto akileta mdudu, kabla ya kumpa alama, muulize: "Niambie kitu kimoja ulichoona kwa huyu mdudu." Kimoja tu. Ndani ya wiki mbili saiba zitakosa wateja, kwa sababu mzazi atajua kununua hakusaidii. Na tafadhali, ule ukuta wa "kazi nzuri" uwe na mdudu aliyepinda mwenye miguu sita juu kabisa, na yule wa kuprintiwa chini. Watoto husoma kuta haraka sana.

Kuna wale wa komenti watasema hii ni mambo ya wasichana. Skia, kijana mkali zaidi kwa makasi Jumamosi ni dogo ambaye kila mtu alikuwa amemwita mtundu. Ana mikono ya fundi. Alikuwa amekosa tu kitu cha kuifanyia kazi.

Basi wewe unayesoma hii, uko na miaka kumi na sita, ishirini, una ndugu mdogo nyumbani au mtoto wa jirani anayekusumbua na "nipatie simu." Wewe ndiye uko katikati. Mathe amechoka, ticha amelemewa, wewe uko na nusu saa ambayo ungeimalizia TikTok, usinidanganye. Jumamosi hii ichukue. Okoa pakiti ya unga kabla itupwe. Pika gundi. Mtoke nje, mchuchumae, muangalie mdudu mmoja dakika tano bila kumuua. Halafu mpe makasi, yale butu, na uweke mikono mfukoni.

Ukipiga picha, usinitumie yule mzuri. Nitumie yule aliyepinda, na chini uandike ana miguu mingapi na inatoka wapi. Nikiona inatoka tumboni nitakurudisha nje uhesabu tena.